Wewe si mtu wa korti

"Sista, wewe si mtu wa korti."

Aliyasema taratibu, bila ukali, mkono mmoja juu ya paa la Vitz yangu na mwingine umeshika mashine yake ya kupima mwendo. Tangu Jumanne asubuhi nimeyapindua kila upande. Nayasikia nikikuna nazi, nikimfunga Nasra kamba za viatu, nikitafuta mshipa wa mgonjwa. Juma hili dada yangu amejifungua salama, wa kike, mashallah, mwenye nyumba ametupa notisi tuhame, na Baba Nasra amerudishwa zamu ya usiku bandarini. Lakini nikibaki peke yangu, sauti inayonijia ni ya yule trafiki.

Haya, niyaeleze kama yalivyokuwa.

Nilikuwa natoka kazini Mtwapa, sare bado mwilini. Nimeshapita Shanzu, naingia Bamburi, huku kwetu Mombasa, na barabara ile asubuhi mnaijua: watoto wa shule wanavuka kwa makundi, akina mama wa mahamri wamejipanga pembeni, boda zinakatiza popote. Pale mimi huwa nakwenda hamsini, awepo trafiki asiwepo. Halafu kuna ule usukani wangu niliowahi kuwalilia hapa. Gari likikaribia sitini unaanza kutetemeka mpaka vidole vinaingia ganzi, na fundi bado ananizungusha na hadithi za kubalansi magurudumu. Asubuhi ile usukani ulikuwa umetulia tuli. Hilo naliapia.

Karibu na Haller Park matatu ikanipita kulia, utingo ananing'inia mlangoni, honi mfululizo. Ilikuwa ubavuni mwangu nilipomwona afande anajitokeza kando ya barabara, kanyoosha mkono. Matatu ikaenda zake. Mimi nikaegesha.

"Habari ya kazi, sista?"

"Nzuri, afande."

"Unajua umekuja na ngapi?"

"Hamsini."

Akanigeuzia mashine. Kioo chake kilikuwa na mkwaruzo wa kukata upande kwa upande, na ilibidi nikikinge jua kwa kiganja ndipo nikaona: 68. Ukucha wa kidole gumba chake ulikuwa umevilia damu, mweusi, kama wa mtu aliyebanwa na mlango wa gari, na kwa mazoea ya kazi nilitaka kumuuliza kama unamuuma.

"Na ile matatu iliyonipita?"

"Tuzungumze habari yako, sista."

"Basi niandikie. Mimi nitakwenda korti."

Hapo ndipo alipoweka mkono juu ya paa, akaitazama sare yangu, akautazama mfuko wa dawa za mamangu uliokuwa kitini, akasema maneno yale. Nikanyamaza. Akangoja kidogo. Kisha akaandika, akanipa karatasi, akanitakia siku njema.

Baba Nasra, nilipomsimulia, hakuhitaji hata kufikiri. "Alitaka chai, ukamnyima." Mamangu alisikia kitu kingine kabisa. "Kakuheshimu, mwanangu. Kaona ni mtu wa watu, korti ni pa wezi na wenye mashamba ya kugombania." Shoga yangu wa zamu alisema kile ni kitisho, kwamba alikuwa ananiambia kwa adabu: ukienda utajuta.

Mimi siwezi kumsingizia. Hakuniomba shilingi, na niliponyamaza aliandika kama kazi yake inavyomtaka. Kinachoniuma ni kwamba alikuwa na hakika. Alinitazama akanisoma mara moja: mwanamke ametoka zamu, macho mekundu, ana mtoto, ana mgonjwa nyumbani, atalipa akalale. Na hesabu yake ilikuwa karibu sawa, kwa sababu nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshaanza kuwaza pesa zitatoka wapi.

Kanuni za makosa madogo ya trafiki za 2016 zimepanga bei kama duka. Ukizidisha kilomita moja hadi tano, onyo. Sita hadi kumi, shilingi 500. Kumi na moja hadi kumi na tano, 3,000. Kumi na sita hadi ishirini, 10,000. Ndani ya mji mwisho ni hamsini, kwa hiyo 68 inaniweka kwenye 10,000. Nikikubali kosa nalipa, yameisha, simwoni hakimu. Nisipokubali, naitwa korti ya Shanzu, nasomewa mashtaka, nakana, napangiwa tarehe ya kusikilizwa, na kila tarehe ina maana ya kumpigia magoti mwenzangu tubadilishane zamu. Na nikishindwa, hakuna anayeniahidi kwamba faini itabaki ileile. Ndiyo maana watu hulipa. Pale kazini nimeuliza, na kila mwenye gari ana hadithi yake, na kila hadithi inaishia "nikalipa tu".

Binamu yake Baba Nasra ni karani wa wakili huko mjini. Yeye alinionyesha kitu katika Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kikanipa moyo kwa muda: mtu hahukumiwi kwa kosa la mwendo kwa maoni tu ya shahidi mmoja anayesema alimwona anakwenda mbio. Nikaruka. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Shemeji, yule hakukukisia. Alikuwa na mashine." Basi kesi yangu yote imebaki hapo, kwenye ile mashine na gari iliyolishika.

Kwa hilo nilimwendea ami yangu, aliyefundisha fizikia mpaka akastaafu na bado anafundisha kila anayemkalia barazani. Nilimkuta na kahawa yake. Aliniuliza kwanza, "Ulisikia honi ya matatu ilipokupita? Ikija ilikuwa nyembamba, ikienda ikawa nene. Sivyo?" Ndivyo. Akasema rada inatumia jambo lilelile. Inarusha mawimbi, mawimbi yanagonga kitu kinachokuja na kurudi yamebadilika, na kwa kipimo cha mabadiliko hayo inajua mwendo. Shida, akasema, ni kwamba mawimbi ya rada yanatanuka kadiri yanavyokwenda mbali. Magari mawili yakija sambamba, yote mawili yamo ndani, na mashine haina macho ya kujua hii ni Vitz na hii ni Nissan ya abiria kumi na wanne. Uso mkubwa wa bati hurudisha mawimbi mengi zaidi. Zile za leza ni nyingine, mwali wake ni mwembamba, unalenga gari moja hata ukiwa mbali.

"Kwa hiyo kawaulize hayo, mwanangu. Ni mashine ya namna gani, ilipimwa lini ikaonekana ni sahihi, na matatu ilikuwa wapi alipobonyeza."

Na haki ya kuuliza ninayo. Katiba ya 2010, kifungu cha 50, inasema mshtakiwa ajulishwe mapema ushahidi ambao upande wa mashtaka utautumia. Nimekisoma mara nyingi, kwa sauti, jikoni, hadi Nasra akaniuliza kama nina mtihani. Usiku ule nilijiona nimesimama mbele ya hakimu, sare imepigwa pasi, yule afande amekaa benchi la mashahidi, nami namuuliza mbele ya watu: afande, unakumbuka ulichoniambia? Mtu gani ndiye mtu wa korti? Nililala vizuri kwa mawazo hayo.

Alhamisi usiku waliletewa dharura mtoto wa gredi ya tano. Niseme tuliletewa, kwa sababu mimi ndiye niliyempokea. Alikuwa amegongwa magharibi akivuka kwenda madrasa, akaletwa na boda, amekaa katikati ya dereva na baba mmoja asiyemjua. Anaishi, alhamdulillahi, mguu umevunjika juu ya goti. Nilimkata suruali kwa mkasi kuanzia chini, na kila nilipopanda kidogo aliuliza kama suruali itashoneka, maana ni ya kaka yake. Nilimwambia itashoneka. Baba aliyemleta alikuwa amekaa sakafuni koridoni, kanzu imejaa damu isiyo yake, anarudia kusema gari lilikuwa mbio, lilikuwa mbio.

Tangu hapo ile kesi niliyoiota imenitoka. Nilivyokaa kuandika ripoti yake nikajikuta nafanya hesabu pembeni ya karatasi. Gari la hamsini huenda mita 14 kwa sekunde moja, kabla dereva hajagusa breki. La 68 huenda mita 19. Na nguvu ya kugonga haikui sawa na mwendo, inakua kwa mwendo mara mwendo wenyewe, kwa hiyo 68 inampiga mtoto kwa nguvu inayokaribia maradufu ya hamsini. Hayo si ya vitabuni kwangu. Nayaona mezani.

Mimi nataka trafiki wasimame pale Bamburi. Nataka wasimame kila asubuhi na kila magharibi, na mashine zao, na hata wakinisimamisha nikiwa nimechoka sitanuna. Yule afande mwenye ukucha mweusi yuko upande wangu kuliko anavyojua, na labda alikuwa amesimama juani tangu alfajiri. Hasira zangu kwake zimekwisha, na nimeshangaa zilivyokwisha upesi.

Lakini 68 ile ilikuwa ya mtu. Ilikuwepo barabarani, mashine haikuiota. Nikilipa 10,000, kwenye karatasi 68 imeshapatikana, imetozwa, imefungwa, na aliyekwenda nayo kapita palepale Jumatano, na Alhamisi, na leo. Tangu 2004, enzi za Michuki akiwa waziri wa uchukuzi, matatu zimefungwa spidi gavana ya 80, kile kifaa cha kuzuia gari lisizidishe mwendo, na watu wanadhani basi mambo yamekwisha. Gavana ya 80 haimzuii mtu kupita shuleni na 68. Anayeweza kumzuia ni afande aliyeshika mashine na kuielekeza kwenye gari lenyewe. Nikinyamaza, hakuna atakayemwambia kwamba siku ile alishika gari silo.

Nilimwambia Baba Nasra haya alfajiri, kabla hajavua viatu. Alikaa kimya muda mrefu. Akasema, "Na kama hakimu hatakuamini?" Nikamwambia basi nitalipa, na nitakuwa nimeyasema. Akasema shilingi 10,000 wakati tunatafuta nyumba ya kuhamia si pesa ya kuchezea, na kweli si pesa ya kuchezea, sikumbishia. Kisha akaniuliza tarehe ni lini ili ajaribu kuomba ruhusa anisindikize.

Kwa hiyo nakwenda Shanzu. Nitakana. Nitauliza ni mashine gani, cheti chake kiko wapi, na matatu ilikuwa wapi, nitampeleka fundi kama atakubali aje kuueleza ule usukani. Metroni ameshaniandikia ile siku, ingawa alinitazama kama mtu anayeomba likizo ya kwenda kupigana. Mamangu ameahidi kuniombea dua, na ameniomba nisivae sare, watu wasije wakadhani hospitali nzima imeshtakiwa. Nafikiri nitaivaa.

Jambo jingine, nalo linanikosesha raha zaidi sasa hivi: maji ya kisima chetu yameanza chumvi. Nasra alikuwa wa kwanza kusema, chai yake akaiacha nusu, nikadhani ni deko. Jana nimeyaonja bila kitu, na ni kweli. Mwenye mkokoteni amepandisha bei ya mtungi kwa sababu mtaa mzima unamgombania, na dada anatoka hospitali kesho na kichanga, anakuja kukaa kwetu arubaini yake yote. Sijui nitamwogesha mtoto na nini.