Mjomba alivyoacha gongo

Jamani, wiki iliyopita nimelala kwenye benchi la hospitali siku mbili. Mjomba wangu wa Buguruni, mnywaji wa gongo miaka 20, aliamua mwenyewe kuacha. Ghafla, basi. Tukashangilia, mkewe akapika pilau.

Siku ya pili kikombe hakishikiki, chai yote inamwagikia kwenye msuli. Usiku akaanza kupangusa siafu mkononi. Siafu wenyewe hawapo. Alfajiri akaanguka, degedege, povu mdomoni. Jirani akasema kuna mganga wake Bagamoyo. Tukaita bajaji.

Daktari, binti mdogo tu, alinieleza nikaelewa. Pombe hupoza ubongo. Ukinywa kila siku, ubongo nao hujiongezea moto ili usizimike. Ukiikata pombe ghafla, ule moto unabaki hauna breki, mishipa ya fahamu inapiga hovyo. Degedege mara nyingi huja ndani ya siku mbili za kwanza, na mtu anaweza kufa. Kumbe hata kuacha kunataka daktari!

Wakampa diazepamu, dawa ya kutuliza ule moto wa ubongo, pia sindano ya vitamini B1, maana walevi wa muda mrefu huishiwa nayo, na ikikosekana kumbukumbu huondoka.

Leo kikombe kakishika. Ila anatembea katanua miguu kama yuko kwenye pantoni la Kigamboni. Sehemu ya nyuma ya ubongo, inayoshika mizani ya mwili, imeumia. Asubuhi kaniuliza jina langu mara mbili. Mchana akaniita mwenyewe, nimletee maji.