Kabla sijaacha wageni, nilipanda lori la shemeji hadi Tunduma

Miaka kumi na moja nimeendesha wageni. Natoka Arusha asubuhi na Land Cruiser, nashuka kreta ya Ngorongoro, nalala Serengeti, narudi. Kazi nzuri, ila masika yakianza simu hazilii. Tangu katikati ya Machi hadi Mei inaisha, unakaa na funguo mfukoni ukihesabu akiba. Mwaka 2020 tukaonja zaidi ya hapo, maana simu ziliacha kulia kabisa.

Ndipo nikaanza kumtazama shemeji, mume wa dada yangu wa Moshi, kwa jicho jingine. Anavuta semi, yaani lori lenye tela, kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Kongo. Yeye hana masika. Mzigo upo mwaka mzima, salfa ya kutumika migodini inakwenda, shaba inarudi. Nikajiambia, mimi ni dereva, yeye ni dereva, tofauti ni idadi ya matairi. Nilipomweleza alicheka, akasema, "Kuendesha utaweza, shemeji. Ila sijui kama kazi utaiweza."

Sikumwelewa. Nikamwomba anionyeshe daftari lake, maana ni mtu wa kuandika kila kitu, hadi pancha. Tulikaa sebuleni kwake Moshi, dada akituletea chai, tukahesabu safari moja tu ya Lubumbashi, kwenda na kurudi. Siku 31. Kati ya hizo, siku alizokamata usukani kwa maana ya kusafiri zilikuwa tisa. Zilizobaki alikuwa anasubiri kupakia, kuvuka Tunduma kuingia Zambia, kuvuka Kasumbalesa kuingia Kongo, kushusha, kisha kupata mzigo wa kurudi nao. Na hapo kuna jambo ambalo wengi hawaulizi. Mshahara wake ni wa mwezi, lakini posho ni ya safari. Anapewa fungu moja mwanzoni, ukikaa foleni siku tatu au siku kumi fungu ni lile lile. Kila siku ya foleni unakula hela ambayo ulipanga irudi nyumbani. Kama una nia ya kazi hii, usiulize "mnalipwa ngapi". Uliza safari iliyopita ilichukua siku ngapi na posho ilibaki shilingi ngapi.

Hesabu za daftari zilinitikisa lakini hazikunitosha. Nikataka kuona. Kampuni nyingi zinakataza dereva kubeba mtu kabini, na zina haki, ikitokea ajali utakuwa nani humo ndani? Shemeji alizungumza na tajiri wake, nikaandikishwa kama utingo kwa safari moja, bila malipo. Ilikuwa Machi 2023, wageni wameshaondoka. Nikapanda basi kwenda Dar.

Tulitoka na salfa kwenye mifuko mikubwa, imefunikwa turubai. Harufu yake inaingia hadi kwenye chapati. Mizani ya Vigwaza ndiyo iliyonifundisha kwanza. Nilikuwa nadhani wanaangalia uzito wote tu, zile tani 56 zinazotajwa na kila mtu, ambazo ndizo mwisho. Kumbe kila eksili, ule mhimili wa matairi, ina kikomo chake. Jumla inaweza kuwa sawa, lakini mzigo ukiwa umesogea mbele, eksili moja inazidi na umeshikwa. Lori lililokuwa mbele yetu liliwekwa pembeni kwa sababu hiyo hiyo, dereva akabaki amekaa kwenye tairi la akiba anapiga simu. Kwa wageni, nikizidisha mizigo, tatizo langu ni kufunga buti.

Mikumi nilicheka peke yangu. Barabara inakatiza hifadhini, mwendo una kikomo, tembo walikuwa kulia. Mimi mguu ulishatafuta breki kwa mazoea, tusimame, watu wapige picha. Shemeji alikuwa anawatazama tembo wale kama mtu anavyomtazama mdai wake. Ukimgonga mnyama pale unalipa faini, ukiacha gari lenyewe litakavyokuwa.

Tulilala Ruaha Mbuyuni ili Kitonga, ule mlima wa kuelekea Iringa, tuipande asubuhi. Hata mwenye kuijua kwa basi haijui. Ukiwa ndani ya lori lenye mzigo unasikia injini inalia gia ya chini kabisa, mwendo wa mtu anayetembea, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili, na mbele yako lori la mwenzako ambalo likizima, wote mmefungwa hapo. Shemeji hakusema neno hadi juu. Alipoanza kuongea alinieleza kuhusu kushuka, ambako ndiko watu wanakofia: mlima unaushuka kwa gia uliyoupandia. Breki za lori ni za upepo, ukizikanyaga mfululizo mteremkoni zinapata moto na kuacha kushika, na anayeweka nyutro ili aokoe mafuta anaokoa lita mbili tatu. Baadaye tulipita mteremko wa Iwambi, nje kidogo ya Mbeya, nikaelewa kwa nini alirudia maneno hayo mara mbili.

Mpaka juu ya Kitonga nilikuwa bado naipenda kazi. Kilichoniangusha kilitokea Makambako, tena wakati lori limesimama.

Makambako usiku ni baridi. Tuliegesha kwenye yadi yenye malori kama thelathini hivi, tukala wali maharage, tukapanda kulala, yeye kitanda cha chini, mimi cha juu. Asubuhi akaniuliza, "Ulisikia?" Sikusikia kitu. Saa nane usiku watu walikuwa wamefika kwenye tangi letu na mpira wa kunyonyea mafuta. Shemeji alisikia chuma kinagusa chuma, akawasha taa, akapiga honi, malori jirani nayo yakapiga honi, yadi nzima ikaamka. Mimi nilikuwa nakoroma. Utingo, ambaye kazi yake namba moja usiku ni kulinda, anakoroma katikati ya honi!

Nikasema nitajirekebisha. Usiku uliofuata tulishaingia kwenye foleni ya Tunduma, mkia ulikuwa umerudi hadi Mpemba. Nilidhani kusubiri ndiyo fani yangu. Nimesubiri wageni kwenye mageti ya hoteli miaka yote hiyo, najua kulala kwenye kiti, najua kupiga soga hadi jioni. Foleni ya mpakani si ya namna hiyo. Inasogea urefu wa lori moja, inasimama kwa muda wa saa mbili, inasogea tena, mchana na usiku. Ukisinzia likapatikana pengo mbele yako, mwingine anaingia, na hapo panazuka ugomvi. Kwa hiyo hulali, na wala huendeshi. Tulikaa siku nne. Kila zamu yangu ya usiku shemeji alinikuta nimelala juu ya usukani. Siku ya tatu aliacha hata kunigombeza, akawa ananifunika shuka.

Nilikuwa nimejiandaa kujipima kwa mambo mengine kabisa: nguvu za kubadili tairi, Kiingereza cha Nakonde, upande wa Zambia, upweke, presha. Vyote hivyo nilikuwa sawa. Usingizi sikuwahi kuufikiria, kwa sababu kwa wageni saa mbili usiku gari limeegeshwa ndani ya uzio, na mlinzi analipwa na hoteli. Mwili wangu umezoea hivyo tangu nina miaka ishirini na tatu. Mtu wa namna hii ukimpa tani 56 baada ya usiku tatu za foleni, halafu mbele yake kuna barabara ya Zambia iliyonyooka inayobembeleza macho, unajua mwisho wake.

Lori lilipovuka, mimi nikarudi na basi, Mbeya, Iringa, Dodoma, Babati, hadi Arusha. Mama watoto alinisikiliza hadi mwisho, akasema jambo ambalo daftari halikuwa nalo: "Ukienda na wageni najua unarudi Alhamisi. Wifi yangu anapika bila kujua." Nilimpigia dada kumuuliza kama ni kweli. Akacheka, akasema ameshazoea, kisha akanyamaza kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

Sikuacha malori, lakini. Hilo nalisema kwa sababu watu hudhani ni Kongo au hakuna. Leseni yangu ilikuwa na madaraja ya magari madogo na ya abiria, lori zito linataka daraja E, nikaenda kusoma. Kurudisha nyuma tela kulinichosha wiki mbili, unazungusha usukani kulia tela linakwenda kushoto, kijana wa miaka ishirini na mbili akawa ananielekeza mimi mzee kama mtoto. Sasa navuta saruji kutoka Tanga kuja Moshi na Arusha. Napakia asubuhi, Segera, Korogwe, joto la Mombo na Hedaru, upepo wa Same unaosukuma turubai, mizani ya Njia Panda ya Himo, na mara nyingi jioni nipo nyumbani. Nalala Tanga usiku mmoja, ndani ya yadi yenye mlinzi. Hela ni ndogo kuliko ya shemeji, na hilo silifichi. Lakini masika haya watoto walilipiwa ada kwa wakati, na sikumkopa mtu.

Pasi ya kusafiria ninayo, kadi ya homa ya manjano ninayo, nilizitafuta zote kabla ya ile safari kwa jinsi nilivyokuwa na uhakika. Zipo kabatini. Mwezi uliopita shemeji alinipigia kutoka Kasumbalesa saa nane usiku, yuko foleni, anataka kujua kama nimelala.

Niliona simu yake asubuhi.