Krimu tamu ya kahawa, ya kupika mwenyewe

Wapenzi wa kahawa, lita 1 ya maziwa fresh na sukari gramu 200 vinatosha. Tumia sufuria pana yenye kitako kizito, maji yakauke haraka. Sukari ikishayeyuka, tia baking soda robo kijiko cha chai, isizidi. Maziwa yanavyopungua asidi yake inakolea na yanaweza kukatika. Baking soda inaituliza. Povu litapanda, kwa hiyo sufuria isijae zaidi ya nusu.

Moto uwe mdogo, yatokote pembeni tu, dakika 40 hadi 50, mpaka yabaki karibu nusu. Koroga kwa mwiko ukipitisha kwenye kitako. Yakishika chini, usikwangue! Hamishia sufuria nyingine, maana harufu ya kuungua haifichwi hata na vanila. Yakianza kupaka mgongo wa kijiko, epua. Yatazidi kuwa mazito yakipoa, usisubiri yawe kama asali.

Chuja, ongeza kikombe 1 cha maziwa yaliyochemshwa, vanila kijiko cha chai na iliki ya kusaga kidogo. Mimi iliki siachi.

Kwa joto hili la Dar, usiache mezani: pooza sufuria kwenye beseni la maji baridi, mimina kwenye chupa iliyochemshwa, weka friji, tumia ndani ya siku 5. Umeme ukikatika usiku kucha, mwaga. Na kahawa ya Kilimanjaro, aina ya arabika, ina uchachu zaidi kuliko aina ya robusta ya Kagera, kwa hiyo pasha krimu kidogo kabla ya kumimina, isikatike.