Mvua ya Jumamosi na Mvulana wa Turkana

Mvua ilishinda ikinyesha Nairobi, watoto wakageuza makochi uwanja. Nikawavisha mabuti, tukaenda Makumbusho ya Taifa. Ndege waliokaushwa tuliwapita mbio. Lakini mbele ya mifupa ya Mvulana wa Turkana, mtoto wa binadamu wa kale, kifungua mimba wangu alinata. Nikamweleza: aliishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita, huenda alikufa akiwa na miaka minane au tisa, tayari na kimo cha karibu mita 1.6.

“Mama, mtoto kama mimi, na amekufikia!”

Mdogo wake akataka kujua meno ya utotoni aliyarusha wapi.

Kipande cha kwanza cha mifupa hiyo kiligunduliwa na Mkenya mwenzetu, Kamoya Kimeu, mwaka 1984. Nataka sana wanangu walijue jina hilo.