Lubugo asubuhi, deraya ya farasi mchana

Saa kumi na moja na nusu alfajiri Bombo bado ni giza. Nimeswali, nimekunywa chai, na mama ameshakaa ukumbini anasuka tabaga, sinia la ukili. Kila nikitoka ananiambia neno lile lile: "Uwaguse taratibu, mwanangu." Nguo za makumbusho anazitaja kama watu, nami sijawahi kumrekebisha. Taksi hadi Kampala, foleni ya Kawempe, na saa mbili kasorobo nafungua mlango wa stoo.

Kabla ya kugusa nguo yoyote nasoma kipimo cha unyevu, kisha napiga magoti kuangalia mitego ya gundi. Leo mtego wa kona umenasa buu mmoja mwenye manyoya, buu wa mdudu wa mazulia. Huyu hali pamba wala gome. Chakula chake ni sufu, ngozi na manyoya ya ndege. Basi saa nzima inakwenda kwenye ngoma na vilemba vya manyoya. Kilemba kimoja kina unga unga chini yake, kwa hiyo nakifunga ndani ya plastiki na kukiingiza kwenye friza, nyuzi 20 chini ya sifuri, wiki mbili.

Saa nne nakunjua mezani lubugo kubwa, nguo ya gome la mti. Glavu nimevaa, na si kwa ajili ya nguo tu: zamani makumbusho mengi duniani yalitia vitu vyao arseniki au DDT kuua wadudu, na sumu ile bado imo. Kazi hii ndiyo naipenda kuliko zote. Lubugo halikufumwa. Ni gome la ndani la mti wa mutuba, linabanduliwa kisha linapigwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji mpaka litanuke na kulainika. UNESCO iliutangaza ufundi huu urithi wa binadamu mwaka 2005. Kwa kuwa halina nyuzi za kupishana, likianza kupasuka linafuata mkondo wa gome kama kuni inavyopasuka.

Nalisafisha kwa brashi laini, huku mdomo wa mashine ya kunyonya vumbi nikiufunika wavu. Halafu nageuza upande wa chini, na hapo kuna kiraka kilichoshonwa na mtengenezaji mwenyewe, mishono midogo iliyobanana, mahali gome lilipotoboka. Kijana anayejifunza kazi kwangu anauliza, "Dada, tukifumue tuweke kipya?" Hapana. Yule fundi hakuacha jina wala picha. Ameacha kiraka hicho.

Chakula cha mchana ni matoke na maharage, dakika ishirini.

Saa nane tunatazama picha za mavazi ya vita ya farasi. Tunaanza na ile ya Leeds, Uingereza, deraya ya chuma ambayo Kaizari Maximilian wa Kwanza alimpa Mfalme Henry wa Nane mnamo 1510 hivi. Inang'aa, lakini haikunishika. Iliyonishika ni ya Sudan, ya zama za Mahdi, kiongozi wa dini aliyeuasi utawala wa Misri huko, nayo iko British Museum, London. Hiyo yote ni nguo! Vipande vya pamba vya rangi nyingi vimeunganishwa, ndani vimejazwa sufi, ile pamba ya mti wa msufi, na mishono imepita katikati ili sufi isishuke chini na kujaa sehemu moja. Mkuki uliweza kupungua nguvu pale. Risasi haizuiliwi na sufi, na kwenye vita vya Omdurman, Sudan, tarehe 2 Septemba 1898, jeshi la Kitchener, jenerali wa Uingereza, lilikuwa na bunduki za rashasha za Maxim.

Kijana anauliza kwa nini rafu zetu hazina kitu kama hicho. Namweleza habari za mbung'o: farasi walikuwa wakifa kwa nagana, ugonjwa anaoueneza. Nilichokiweka moyoni ni kingine. Babu wa babu yangu alikuwa askari wa Emin Pasha, gavana wa Misri kusini mwa Sudan, wale waliorudishwa nyuma na majeshi ya Mahdi, na mwaka 1891 Kapteni Lugard, Mwingereza, akawachukua karibu na Ziwa Albert akawaleta Uganda. Huenda aliwahi kuona farasi waliovikwa hivyo wakimjia. Nimeikuza picha mara kumi nikitafuta viraka vya marekebisho, ila upande wa ndani haukupigwa picha. Nimewaandikia British Museum kuomba picha ya upande huo.

Saa kumi tunaviringisha lubugo kwenye bomba lililofunikwa karatasi isiyo na asidi, tunafunga stoo.

Nimefika nyumbani magharibi. Nikamwomba mama kile kigodoro cha sufi cha marehemu bibi, tulicholalia sote utotoni. Mishono imepita katikati, vilevile. Nikakigeuza. Uzi wote ni mweupe, isipokuwa kona moja yenye uzi mwekundu uliopinda pinda.

"Huo ni wangu," mama akasema. "Nilikuwa na miaka tisa."