Kutoka Hamburg hadi Athens na gari la shemeji

Shemeji yangu anaishi Athens, na riziki yake ni kuhamisha watu vyombo: leo friji la huyu, kesho kabati la yule. Gari lake la zamani lilipokata roho alinipigia usiku. "Shemeji, huko kwenu Ujerumani magari yamejaa. Nitafutie Ducato, lile gari la mizigo la Fiat, ya bodi ndefu, uniletee." Alitamka hilo "uniletee" kama anayeagiza kilo ya sukari.

Nikalipata nje kidogo ya Hamburg, kwa fundi bomba mmoja aliyekuwa anastaafu. Jeupe, safi, nyuma lina chuma cha kuvutia trela. Kwenye pete palikuwa na funguo mbili za gari na kifunguo kingine kidogo sana. Mzee alinieleza matumizi yake haraka haraka, kwa Kijerumani cha kwao, nami nikaitikia "ndiyo, ndiyo" kama mtu aliyeelewa.

Njia za kwenda Ugiriki kutoka kwetu ni mbili. Ya kwanza ni nchi kavu tupu, kupitia Austria, Hungaria, Serbia na Makedonia Kaskazini. Ukipiga hesabu ya mafuta peke yake unaweza kudanganyika ukaichagua. Lakini Serbia na Makedonia Kaskazini haziko Umoja wa Ulaya, kwa hiyo kuna foleni za mpakani na maswali. Mtu mweusi, usiku, gari tupu la mizigo, tena si langu: maswali hayo nayajua kabla hayajaulizwa. Nikachagua ya pili: kushuka Italia hadi bandari ya Ancona, halafu meli mpaka Patra, bandari ya Ugiriki. Ni kama kilomita 1,550 za lami, kisha unalala na kubebwa.

Kazi kubwa ilikuwa mezani, siku tatu nzima kabla ya safari. Nilichukua namba za muda za kutolea gari Ujerumani. Hizo zina mstari mwekundu upande wa kulia, na humo imeandikwa tarehe ya mwisho, kwa hiyo kila askari anaisoma bila kukusimamisha. Bima nikakata ya siku 15. Karatasi ya shemeji ya kuniruhusu kuendesha gari lake nikaitoa nakala mbili. Matairi ya baridi nikayakagua kwa kidole, maana barabara ya Brenner, ile ya kuvuka milima kati ya Austria na Italia, upande wa Italia inayadai, au minyororo, kuanzia 15 Novemba mpaka 15 Aprili, na sisi tulikuwa tunaelekea Desemba.

Ikabaki tiketi ya meli. Huku gari halilipiwi kama gari tu. Linalipiwa kwa urefu na kimo, kama kitambaa. Kampuni niliyokata ilikuwa na bei ya magari yasiyozidi mita 6, na juu ya hapo bei nyingine. Nikafungua vipimo vya kiwandani: mita 5.998. Milimita mbili! Nilicheka peke yangu jikoni, nikabonyeza "lipa".

Siku ya kwanza niliisukuma mpaka karibu na Nürnberg, ambako nililala. Kusema kweli barabara kuu ya A7 haina cha kusimulia ila vilima vya Kassel, ambapo malori yanapanda kwa mwendo wa bibi harusi.

Brenner ndiyo safari yenyewe. Austria unanunua stika ya barabara kuu, lakini stika hiyo haikufikishi mlimani. Kipande cha Brenner kina tozo yake ya peke yake, na wengi hushtukia hapo. Unapita Europabrücke, daraja la mwaka 1963, ambalo pale juu kabisa lina kama mita 190 chini yake. Upepo ulilishika ubavu gari lile tupu likayumba kama ngalawa. Mikono ilinitoka jasho na nje kuna theluji. Gari tupu refu ni bovu zaidi ya lililojaa; ningejua ningepakia hata magunia mawili ya mchanga.

Upande wa Italia unachukua tiketi getini na kulipa unakotokea. Na wao wana kipimo chao: wanaangalia kimo cha gari juu ya ekseli ya mbele. Likizidi mita 1.3 linaingia daraja B la tozo, hata kama lina matairi manne tu kama Corolla. Nikalala karibu na Modena, na kesho yake kabla ya saa sita mchana nikawa Ancona.

Bandari ya Ancona iko chini ya kilima, kanisa kuu la San Ciriaco linakuangalia kwa juu, na karibu na maji bado limesimama tao la Trajan, la mwaka 115 hivi. Sikupata muda wa kulitazama. Kijana wa foleni alikuja na futi, akaishika mwanzo kwenye bampa ya mbele, akatembea taratibu mpaka nyuma, akapita mlango, akaenda mpaka kwenye ile ncha ya chuma cha trela. Akanionyesha: mita 6 na sentimita 9. Nikamwonyesha simu yangu, vipimo vya kiwanda. Akanionyesha chuma. Nikalipa euro 64 za nyongeza, na kosa lilikuwa langu, kwa sababu futi ninayo nyumbani.

Tukaingia melini kinyumenyume, kati ya malori ya friji yanayonguruma. Baharia mmoja Mgiriki alikuwa mbele ya kioo akinipungia, akipiga kelele: "Ela! Ela!" Nikashusha kioo, nikamwambia hela nimeshalipa, zote. Baadaye ndipo nikaambiwa kwao "ela" ni "njoo".

Usiku niliumalizia kwenye kochi, na asubuhi saa yangu ikabidi niisogeze mbele saa moja. Mchana tukaliona kwa mbali daraja la Rio, nguzo zake nne na nyaya kama matanga, kisha Patra. Kutoka hapo ni kama kilomita 215. Nilisimama mara moja tu, kwenye mfereji wa Korintho, kilomita 6.4 za maji yaliyobanwa na kuta za mwamba tangu 1893, nikanywa kahawa nikiwa nimesimama.

Shemeji alinipokea kwa pilau. Nikala, nikamsimulia futi ya Ancona na zile euro 64. Akaniangalia, akaomba funguo, akashuka mtaani kwa kandambili. Alipiga magoti nyuma ya gari, akachomeka kile kifunguo kidogo, akazungusha kitasa, na chuma cha trela kikadondoka mkononi mwake.

"Shemeji," akasema, "mbona hiki kinatoka?"