Siku moja maishani mwangu: mshale wa juu, halafu Enter

Saa 11:20 alfajiri

Kengele ya simu inalia. Bando langu la usiku linakufa saa 12 kamili na bado nina mzigo wa kushusha. Hapa Kihonda mtandao wa alfajiri unakimbia. Ikifika saa 2, watu wakishaamka wote, unaanza kuchechemea.

Ninachoshusha ni uPortal, programu huria ya Java ya kujengea potali, yaani lango la mtandaoni la chuo. Niko kitengo cha TEHAMA cha chuo kimoja hapa Morogoro, na bosi ametaka kuiona ikitembea kabla ya wiki kuisha.

`git clone`, amri ya kunakili mradi kutoka mtandaoni, kwa uPortal-start (kifurushi cha kuanzia) ni nyepesi, inaisha kabla maji ya chai hayajachemka. Mzigo uko kwenye `./gradlew`, amri ya kuujenga mradi. Ukiigusa mara ya kwanza inajishushia Gradle yenyewe (chombo cha kujengea), kisha Tomcat (seva inayoendesha programu za Java), kisha msururu wa mafaili ya JAR, vifurushi vya Java, ambao ukiukodolea macho unaweza kusinzia. Yote yanajazana kwenye folda iliyofichwa, `.gradle`. Hesabu yangu ni hii: folda ijae kwenye laptop yangu kwa bei ya usiku, niinakili kwenye diski ya nje, nikaibandike kwenye seva ya majaribio kazini, nijenge kwa `--offline` bila kuomba intaneti hata tone.

Saa 11:52 ikaandika BUILD SUCCESSFUL, ujenzi umefaulu. Dakika nane za bando zilizobaki zikaishia kwenye matokeo ya mpira.

Saa 2:05 asubuhi

Uluguru imejifunika wingu, kibaridi kiko palepale. Nampa mlinzi shikamoo yake, napanda ghorofani.

Hicho tunachokiita "seva ya majaribio" ni kompyuta ya mezani yenye RAM ya GB 8, imewekewa Ubuntu na kusukumwa chini ya meza yangu. Upande mmoja umebandikwa karatasi: USIZIME.

Niseme kidogo kwa nini tunahangaika. Mwanafunzi wetu ana nenosiri la matokeo, la ada, la maktaba na la ratiba. Akisahau moja anakuja dirishani kwetu, na wanaosahau ni wengi. Potali inakuwa lango moja: unaingia mara moja, ndani unakuta visanduku, kila kimoja kikileta habari zake. Visanduku hivyo ndivyo potleti. Java iliziwekea kanuni rasmi, JSR 168 mwaka 2003 na JSR 286 mwaka 2008, ili potleti iliyoandikwa kwa ajili ya seva moja iweze kuhamia nyingine. Ndani ya uPortal anayezibeba ni Apache Pluto.

Niliichagua hii kwa sababu imelelewa vyuoni. Iliasisiwa na Jasig, umoja wa vyuo vilivyokuwa vikitumia Java, na mwaka 2012 Jasig ikaungana na Sakai Foundation ikawa Apereo Foundation. Liferay, programu nyingine ya potali, nayo niliijaribu mwaka jana. Ina mengi na inapendeza, ila nilijikuta nasomea Liferay badala ya kushughulikia shida za chuo.

Saa 2:40

Nimenakili diski, nimeandika amri, nimebonyeza Enter. Sekunde kumi tu:

`Unsupported class file major version 61`

Zamani ujumbe huu ulinikalisha nusu siku. Siku hizi namba hizo nazijua kama namba za daladala: 52 ni Java 8, 55 ni Java 11, 61 ni Java 17. Kwa hiyo Gradle ya mradi huu imekutana na Java 17 na haijui kuisoma. Mwenzangu aliipandisha seva kwenda 17 mwezi uliopita kwa ajili ya mfumo mwingine, na uPortal 5 inataka JDK 8, Java ya mwaka 2014.

Kosa ambalo wengi hufanya hapa ni kuishusha Java ya mashine nzima, halafu ule mfumo mwingine unakufa na simu zinaanza kupigwa. JDK mbili zinakaa nyumba moja bila ugomvi. Niliweka ya 8 pembeni, nikaelekeza `JAVA_HOME` kwake ndani ya terminali hiyohiyo tu, nikahakikisha kwa `./gradlew --version`. Basi.

Saa 3:15

Sasa amri kubwa: `./gradlew portalInit`. Iangalieni vizuri, tutakutana nayo tena mchana. Inafanya kazi nne mfululizo: inawasha hifadhidata ndogo ya HSQLDB inayokuja na mradi, inaweka Tomcat, inapandisha programu zote kwenye Tomcat, kisha inajenga majedwali ya hifadhidata na kuyajaza data za mwanzo. Kwa mtu anayeanza ni neema, maana amri moja inampa potali nzima.

Nikaenda kula chapati mbili na maharage kwa dada wa kantini. Niliporudi, BUILD SUCCESSFUL. Nikawasha Tomcat kwa `./gradlew tomcatStart`, nikafungua kivinjari. Kimya.

Logi, daftari ambamo seva huandika kila kinachotokea, inasema `Address already in use`. Poti 8080, mlango wa mtandao ambao Tomcat huutumia, imekaliwa. `sudo ss -ltnp | grep 8080` ikanionyesha mwenye nyumba: ule mfumo wa Java 17. Nikahamishia Tomcat yangu 8090.

Logi za seva yetu ziko kwenye saa ya UTC, iliyo nyuma ya saa yetu kwa saa tatu, na wageni wa kitengo huchanganyikiwa wanapozisoma. Mimi naondoa tatu tu napata saa ya Kiswahili: logi ikisema 06:31, hapa ni saa 3:31. Wenzetu wanaongeza tatu kwanza wapate saa ya Kizungu, kisha wanaondoa sita.

Tomcat inachukua dakika kadhaa kusimama kwa sababu haiamshi programu moja: kuna uPortal yenyewe, CAS ya kuingilia, matangazo, kalenda, habari, alamisho, na nyingine. Watu wengi huiua katikati wakidhani imekwama. Subiri ukiwa na logi wazi mbele yako. Ikijaa maandishi mekundu, usihangaike na mstari wa kwanza wa balaa. Shuka mpaka `Caused by` ya mwisho kabisa, kisababishi mara nyingi kimelala hapo.

Saa 4:30

Imefunguka. Naingia kwa `admin`, nenosiri `admin`. Ndivyo inavyokuja, na ole wako uiache hivyo ikishatoka nje ya chumba chako.

Namwita Mama wa Udahili. Ndiye atakayekuwa akiweka matangazo ya wanaojiunga, kwa hiyo namtaka aione mapema na ailalamikie mapema. Ana miaka mingi chuoni kuliko jengo tulimo. Akaniambia yeye hapandi ngazi, nimtumie anwani afungulie ofisini kwake chini.

Nikamtumia. Simu ikaita.

"Mwanangu, imefunguka, lakini nikibonya kuingia inakataa."

"Inaandikaje, mama?"

"Inasema hakuna kitu hapo. Na huku juu imeandika lokalihosti."

Nikacheka mwenyewe. Kwenye faili la mipangilio anwani ya seva ilikuwa bado `localhost:8080`. Nilibadilisha poti ya Tomcat, mipangilio nikaisahau. Mimi nilikuwa nimeponea chupuchupu kwa sababu niliingia kwa kiungo cha ndani bila kupita CAS. Yeye alibonyeza kitufe halisi, CAS ikampeleka kwenye anwani iliyoandikiwa. Na `localhost` maana yake ni "hapahapa nilipo". Ikisomwa kwenye kompyuta yangu ni seva yangu. Ikisomwa kwa Mama ni kompyuta ya Mama, na huko hakuna potali, kuna mafaili ya udahili na picha za harusi ya bintiye.

Nikaweka IP ya seva na poti 8090 kila palipohusika, nikazima Tomcat, `./gradlew tomcatDeploy`, nikawasha. Mama akaingia. "Ahaa," akasema, akakata simu.

Saa 6:00 hadi saa 8:30

Mikutano. Wali. Printa ya uhasibu.

Saa 8:50 mchana

Mama kapiga tena. Kumbe tangu ile saa 5 hajainuka. Ametengeneza kurasa tatu, ameandika sifa za kujiunga kwa kila kozi, orodha ya viambatisho, utaratibu wa kuhama kozi. Kaandika vizuri, nilikuwa naona kwenye skrini yangu. Amebakiza jambo moja: nembo ya chuo ikae pale juu badala ya ile iliyokuja nayo.

"Dakika tano, mama."

Nembo ni faili la picha ndani ya folda ya `overlays`. Nikaliweka, nikazima Tomcat. Amri ya kupandisha mabadiliko ni `tomcatDeploy`, nimeshaitumia leo. Nani anaandika upya amri aliyokwisha kuiandika, na mshale wa juu wa kibodi unazirudisha za nyuma? Mshale wa juu, mshale wa juu, mshale wa juu. Macho yangu yakaona `./gradlew`, yakaona herufi zimeendelea mbele, yakatosheka. Enter.

Halafu nikaona mstari ukipita: `:dataInit`, kazi ya mwisho ya `portalInit`.

Ctrl+C, ya kukatiza. Nilibonyeza kama mtu anayeua siafu. Lakini `dataInit` ina kawaida moja, nayo imeandikwa wazi kwenye maelezo ya mradi, tena kwa onyo: kabla ya kujenga majedwali, inayafuta yaliyopo. Ndiyo maana ni amri ya siku ya kwanza tu. Nilikuwa nimeirudisha potali kwenye hali ya saa 3:15 asubuhi, kabla Mama hajaifungua.

Nilikaa kama dakika mbili nikiitazama skrini. Wazo la kusema "seva imeleta shida" lilinijia, sikatai. Seva haina mdomo wa kujitetea.

Saa 9:10

Nikashuka ngazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umenisalimia tena? Asubuhi si ulishanisalimia?"

"Mama, nimefuta kazi yako."

"Ipi?"

"Yote. Ya leo yote. Nimebonyeza amri siyo."

Akavua miwani. Akaniangalia kwa muda ambao sikuupenda. Kisha akavuta droo ya chini, akatoa kaunta buku lenye jalada jeusi, akaliweka mezani na kulifungua. Kurasa tatu, sifa za kila kozi, viambatisho, utaratibu wa kuhama: vyote kwa mkono, kwa kalamu ya bluu, vichwa vya habari vimepigiwa mstari kwa rula.

"Mimi na kompyuta zenu tunafahamiana," akasema. "Kaa hapo. Nasoma, wewe unaandika."

Saa 9:40 hadi saa 11:15 jioni

Kwanza nilirudi juu nikaiacha `portalInit` imalize kazi safari hii, maana hifadhidata iliyokatizwa katikati haifai kitu. Nembo nayo ikapanda humohumo. Kisha nikaandika mstari mmoja kwenye `.bashrc`, faili la mipangilio ya Bash, programu inayopokea amri ninazoandika:

`HISTIGNORE="*portalInit*:*dataInit*"`

Bash sasa haitazitunza tena amri hizo kwenye historia, kwa hiyo mshale wa juu hauwezi kuniletea. Zilizokwisha kutunzwa nikazifuta kwa mkono, moja moja. Anayetaka kuanza upya aandike herufi zote mwenyewe, huku akifikiri.

Nikashuka na laptop. Mama akasoma, nikaandika. Alinisahihisha "udahili" niliyoiandika "uzahili" kwa haraka, akanifundisha njiani kwamba kiambatisho namba 4 hakijaombwa tangu miaka mitatu iliyopita, na kwamba yeye amekiacha makusudi ili aone kama kuna mtu ofisini kwa mkuu anayesoma matangazo.

Tulipomaliza nikatoa nakala kwa `./gradlew dataExport`. uPortal inakutolea vilivyomo kama mafaili ya XML, maandishi matupu unayoweza kuyasoma kwa macho na kuyarudisha kwa `dataImport`. Ningeifanya saa 8:45, Mama angekuwa nyumbani. Nikafungua faili moja kumwonyesha: katikati ya alama za kompyuta, sentensi zake zilikuwa hapo, neno kwa neno.

Kuhamia PostgreSQL nimekusogeza kesho. HSQLDB ni ya kujaribia tu, na kwa nilivyojionea leo, hifadhidata halisi itakuwa na mtumiaji asiye na ruhusa ya kufuta majedwali, hata mtumiaji huyo akiwa mimi.

Saa 11:30 jioni

Wingu limeondoka, mlima wote unaonekana. Nimeweka nakala ya XML kwenye flashi, nikaipitisha kwa Mama kabla hajafunga ofisi.

"Hii ndiyo kazi yetu ya leo?"

"Ndiyo mama. Hata seva ikiungua, iko humo."

Akaigeuzageuza mkononi, akaichomeka katikati ya kaunta buku, kwenye ukurasa wa viambatisho. Akafunga droo kwa ufunguo, ufunguo akautia kwenye mkoba.

"Kesho ukiihitaji," akasema, "njoo uiombe."